Namba Moja, Mtu Mmoja

Kliniki ya macho ilipomwomba Fasta aiundie hifadhidata, karani wa mapokezi alimwonya mapema.

"Usimtambue mgonjwa kwa namba ya simu, dada. Simu moja hapa ni ya nyumba nzima. Kila mtu mpe namba yake ya kliniki, simu ziwekee jedwali lake."

Fasta, ambaye jina hilo hakupewa bure, alicheka hadi akashika mbavu. Majedwali mawili ya nini, na kila mara kuyaunganisha, wakati moja linatosha? Namba moja, mtu mmoja. Siku ya uzinduzi jina la mgonjwa lilitokea kabla karani hajaondoa kidole kwenye kibodi. Wakubwa wakapiga makofi, naye Fasta akavimba kichwa wiki nzima.

Mwaka uliofuata alimleta mama yake kupasuliwa jicho. Daktari bingwa alikuja siku moja tu kwa mwezi, na jicho lile halikuwa la kungoja mwezi mwingine. Karani akaingiza namba. Jibu likaja kufumba na kufumbua.

"Mfumo unasema huyu ni marehemu."

Simu ilikuwa ya baba. Alipofariki, Fasta mwenyewe ndiye aliyeiarifu kliniki, kwa kupenda kwake kumbukumbu safi. Mama akabaki na simu.

"Basi msajili upya," Fasta alisema.

"Mfumo unakataa. Namba ina mwenyewe, na rekodi ya marehemu uliifunga isiguswe."

"Weka yangu."

Likatokea jina la Fasta, na vipimo vya miwani yake. Karani hakucheka, na hilo lilimuuma zaidi.

"Kaka," Fasta alisema kwa sauti ya chini, "nipishe kiti. Nielekeze ule mpangilio wako wa majedwali mawili."

Karani akataja, Fasta akaandika, foleni ikimsonya mgongoni. Dakika arobaini baadaye baba alikuwa na namba yake, mama na yake, na simu moja chini ya wote wawili. Mama akaingia wa mwisho kwenye orodha ya daktari.

Nesi alipokuja kumchukua, mama akamgeukia karani.

"Hivi mwanangu, humo ndani ya kompyuta nilikuwa nimekufa tangu lini?"

Karani akamsomea tarehe ya kifo cha baba.

"Basi haikukosea sana," mama alisema, akaushika mkono wa nesi wakaenda.