Chakula cha Watu wa Mapangoni

Mwanangu wa pili ni fundi wa kuchomelea vyuma, na kazini wote wanamwita Cheche. Ana kisukari cha sindano: asubuhi moja, jioni moja, kabla ya kula. Mimi nakaa kwake, chumba cha nyuma.

Mwaka huu simu ilimletea video za bwana mmoja mwenye kifua kipana kama mlango, anayefundisha kwamba binadamu tuliharibika siku tulipoanza kulima. Eti tule kama watu wa kale: nyama, mayai, majani, basi. Mkate sumu, wali sumu, viazi sumu, na sukari ndiyo usiseme.

"Mama, watu wa mapangoni hawakuugua kisukari," akaniambia, anatafuna ini lililobabuliwa juu juu.

"Nani aliwapima?"

"Wataalamu wamechimbua mifupa yao."

"Hiyo mifupa ilikuwa ya vikongwe kama mimi?"

Mkewe, anayeshona sare za shule pale pale sebuleni, alicheka mpaka akasimamisha cherehani. "Mama, hebu muulize kama huko pangoni walikuwa wanachomelea mageti."

"Chekeni tu," akasema Cheche. "Nitawazika nyote wawili."

Jumamosi alitoa unga, mchele, sukari, jemu na biskuti zangu, akampa jirani wa ukuta kwa ukuta. Hakutaka vishawishi ndani. Rafu nilizifuta mwenyewe kwa kitambaa chenye sabuni.

Wiki ya kwanza alitoboa mkanda tundu jipya, akafurahi kama mtoto. Wiki ya pili akaanza kutoka jasho akiwa amekaa tu, mikono ikimtetemeka. "Mwili unarudi kwenye asili," akasema. Mimi niliyeishia darasa la saba nikadhani ni ugonjwa unamtoka.

Na sindano hakuiacha hata siku moja. Kipimo kilikuwa kwenye kadi ya kliniki, kwa mwandiko wa daktari, na Cheche si mtu wa kubishana na daktari. Alijaza bomba hadi mstari ule ule wa siku zote.

Jumanne, saa moja asubuhi, alijidunga, akala mayai mawili na majani. Alipoinama kufunga buti, akaniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Ulimi ulikuwa mzito kama wa mlevi. Kisha akaanguka, kichwa kikagonga mguu wa meza.

"Sukari, mama! Sukari!" mkewe akapiga kelele.

Nilifungua kabati. Rafu ziling'aa. Kwa jirani kulikuwa na kufuli. Mkwe wangu alikimbia peku hadi duka la kona, nalo lilikuwa bado linafunguliwa. Aliporudi, meno ya mume wake yalikuwa yameumana. Tulimpaka sukari kwenye fizi kwa vidole, tukisubiri gari.

Hospitali, daktari, binti mdogo tu, alinikalisha kwenye benchi.

"Bibi, dozi ile tuliipima kwa mtu anayekula wali na mkate. Alipoviacha, ilibidi ipunguzwe, la sivyo inaishusha sukari kupita kiasi. Mbona hakuja kuuliza?"

"Alijua mtamkataza."

"Tusingemkataza, bibi. Tungempunguzia tu." Akatazama chini. "Ubongo umekaa bila sukari muda mrefu."

Siku ya kumi na moja akafumbua macho.

Sasa yuko nyumbani. Anatembea kwa kushika ukuta. Wenzake wa kazini walimletea ile barakoa yake ya kuchomelea, akaigeuza geuza, akawarudishia kwa adabu. Walipotoka nje, mmoja wao aliketi kwenye ngazi akalia.

Mkewe anashona mpaka macho yanavimba, kwa hiyo kumlisha ni kazi yangu. Jana nilimpondea kiazi, nikakipoza kwa kupuliza.

"Asante, shangazi," akaniambia.

"Kula, baba," nikamjibu, nikachota kijiko kingine.