Gambuti za Namba Ndogo

Petrona Tzoc alikuwa na jozi kumi na nne za gambuti ndogo mezani na mfuko mweusi wa taka mkononi. Mkaguzi wa kazi alikuwa anafika saa nane, na saa saba ilikuwa imeshagonga.

"Zote pipa la nyuma," msimamizi, Randy Kozak, alimwambia. "La nyuma, siyo la mbele. Na ukiulizwa, hapa hajawahi kufanya kazi mtoto. Tumeelewana, mama?"

"Tumeelewana."

Kampuni yao ilikuwa ya usafi. Wachinjaji wakishatoka usiku, watu wake huingia machinjioni na mipira ya maji moto na sabuni kali, kuosha damu kwenye misumeno na sakafu. Petrona alikaa stoo, akigawa gambuti, glavu na aproni. Mwaka wa tisa huo.

Kila gambuti ndogo ilikuwa na uzi umefungwa juu. Watoto waliajiriwa kwa vitambulisho vya watu wengine, na majina ya kupewa hayakai kichwani. Mtoto alikuwa akisimama mbele ya rafu, anasoma majina yaliyoandikwa hapo mpaka mwisho, halafu anaanza upya, kama mgeni aliyesahau nyumba yenye harusi. Basi Petrona akaufumua mshipi wake wa zamani wa nyuzi za rangi nyingi, aliotoka nao kwao Guatemala. Kwao milimani, rangi za nguo ndizo zinazosema mtu ni wa mji gani. Akamfungia kila mtoto rangi za kwao. Tangu hapo hakuna aliyepotea.

Nani hakujua? Walimu walijua, maana watoto walilala juu ya madawati. Wachinjaji walijua. Mtaa mzima wa nyumba za magurudumu, walimokaa wafanyakazi, ulijua. Kampuni tu ndiyo haikujua, ingawa ndiyo iliyoagiza gambuti hizo, siku Chepina, mmoja wa watoto hao, alipoteleza akiwa na gambuti za watu wazima zilizojazwa soksi, sabuni ikamla ngozi ya mkono. "Tafuta za watoto dukani," Kozak alisema, akatia sahihi karatasi ya kuagizia.

Petrona akatia jozi ya kwanza mfukoni. Kodi ya kiwanja iliposimama nyumba yao ilikuwa imepanda mara mbili mwaka ule, na mumewe alikuwa kitandani na mgongo ulioharibikia machinjioni humo humo. Akifukuzwa, nyumba inakwenda. Akatia ya pili. Ya tatu ilikuwa ya Chepina, nyekundu na zambarau. Ndani ilibaki soksi moja yenye picha ya paka.

Akaitoa, akaitazama, akairudisha ndani. Kisha akazirudisha gambuti zote kwenye rafu.

Mkaguzi, Bi Lindqvist, alikuja na kamera na mafua.

"Hizi za nani?"

"Za siku ya familia," Kozak akawahi. "Watoto wa wafanyakazi wanakuja kutembea."

"Kutembea machinjioni?"

"Watoto wanapenda ng'ombe."

Bi Lindqvist akapenga kamasi. "Na nyuzi?"

Kozak akamtazama Petrona. Petrona akatazama soksi.

"Hiyo ni ya Chepina. Hapa anaitwa Sandra Ortega, ana miaka thelathini na moja. Huwa anasahau, nikamfungia uzi."

"Kweli ana mingapi?"

"Anatimiza kumi na tatu mwezi ujao. Karatasi ya kuagizia iko kwenye faili. Sahihi ni ya huyu bwana."

Kabla ya saa kumi na moja Petrona alikuwa nje na barua: amefukuzwa kwa kugawa vifaa kwa watu wasioruhusiwa. Kampuni ililipa faini, ikasema gazetini kwamba imesikitika sana. Kozak alihamishiwa mji mwingine. Jirani aliyekuwa akimletea Petrona tamale, mikate ya mahindi ya kwao, kila Jumapili, ambaye wanawe wawili wadogo walitolewa kazini wakakosa mshahara, akampita bila salamu, kisha akageuka: "Umetumaliza, Petrona."

Jumamosi moja Chepina akabisha hodi.

"Shangazi, kiwanda cha kuku kule mji wa pili kinachukua watu. Gambuti zao kubwa zote. Zangu ziko wapi?"

"Serikalini. Ni ushahidi."

"Zinarudi lini?"

"Kesi ikiisha."

"Inaisha lini?"

Petrona akautazama ule mkono, kovu linang'aa kama nailoni. "Gari lao linapita saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Vua viatu, ingia ule kwanza."

Chepina akavua. Petrona akaviokota, akakaa kitini navyo mapajani. Mtoto akala maharage na chapati za mahindi, jicho kwenye saa. Saa tisa honi ikalia barabarani, ikalia tena.

"Shangazi, viatu vyangu."

Petrona hakuinuka. Honi ikalia mara ya tatu, gari likaondoka.

"Na Jumatatu je?" Chepina akauliza.

Petrona akavisukuma viatu chini ya kiti chake, akamwongezea maharage.