Maji Yalikuwa Kibuyuni

Mwaka ule wa matuta ya lazima, serikali ya mkoloni ilipowashurutisha watu kulima kwa matuta, Dorkasi alicheka mahali pa kunyamaza, na kicheko kile hakijamtoka moyoni hata leo.

Ilikuwa Jumapili, watu wametoka misa, wamesimama mbele ya kanisa. Padre alikuwa amefundisha kwamba mtoto akizaliwa mahututi, mtu yeyote aweza kumbatiza, hata mwanamke. Wazee hawakuipenda habari hiyo.

"Mwanamke kazi yake kuzaa na kulea," alisema Yohane, katekista. "Kubatiza atuachie sisi."

"Nawe utakuwa mlangoni kila mtoto azaliwapo?" aliuliza Marta, mkunga.

"Haya, Marta! Mwakani utatuomba na kanzu ya padre!"

Watu wakaangua kicheko. Dorkasi naye akacheka, tena kwa sauti, wanaume wamwone mama mwenye adabu. Binti yake Efrazia, mwenye mimba ya miezi saba, hakucheka.

Alhamisi uchungu ukamshika Efrazia kabla ya siku zake. Akazaa mtoto wa kike, mdogo sana, midomo imebadilika rangi, pumzi inakuja na kupotea. Marta akawa anamsugua kifua.

"Mama Efrazia, nipe maji."

Kibuyu alikuwa nacho Dorkasi mkononi. "Ngoja kidogo. Mume wangu Hezekia amekwenda kumwita katekista. Watu watatusema, Marta. Watasema tumejifanya mapadre."

"Mtoto hangoji."

"Katekista yuko matutani, ng'ambo ya bonde tu. Anakuja."

Marta akanyoosha mkono. Dorkasi akakirudisha kibuyu nyuma. Walipotazama tena, mtoto alikuwa ametulia.

Yohane alifika anahema, udongo umemjaa mpaka magotini. "Mmembatiza?"

"Tulikungoja wewe, baba."

Akavua kofia. "Lakini mama, si padre alisema yeyote?"

"Nawe ulisemaje?" Dorkasi akamwuliza.



Mtoto akazikwa nje ya ua wa makaburi, bila jina, kama walivyozikwa wote wasiobatizwa. Efrazia alimwuliza mama yake neno moja tu: "Kibuyu kilikuwa kitupu?"

"Kilikuwa na maji, mwanangu."



Jumapili iliyofuata arobaini ya Efrazia, baada ya misa, Dorkasi alikiweka kibuyu kilekile miguuni pa Yohane, mbele ya watu wote.

"Baba katekista, tufundishe maneno. Hapa hapa."

Mzee mmoja akaanza kucheka, akajikuta peke yake. Yohane akakiokota kibuyu, akamimina maji kidogo kidogo juu ya jiwe: "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Wanawake wakarudia. Efrazia alirudia wa mwisho, macho yake yakiwa kwenye lile jiwe lililolowa.

Basi wewe mwenye binti mjamzito, yajue maneno hayo kabla ya siku yake. Ya watu utayasikia tu, ubatize usibatize.