Mtaalamu wa Kuchukua

Septimus Oxtoby alizeekea kwenye kitenzi kimoja. Wenzake katika jumba la kamusi pale York walimaliza herufi nzima nzima, wakaota vitambi, wakastaafu. Yeye alibaki na "take", yaani kuchukua, akikitafutia maana zake na asili yake. Kwa neno hilo Mwingereza huchukua chai, huchukua treni, huchukua likizo, huchukua nchi za watu. Makabati yalijaa na maana mpya bado zilikuwa zinabisha hodi.

Asili yake ndiyo iliyomchekesha. Waingereza wa kale walikuwa na neno lao la kuchukua, "niman", neno la upole lisilo na makuu. Wakaja watu wa Denmark na mashua zao, wakabeba ng'ombe, vinara vya makanisa na wake za wenyewe, kisha wakalowea. Wenyeji wakaliokota neno la wageni, ndilo hilo "take", na lao wakalizika.

"Hata kuchukua tulifundishwa na maharamia!" alimwambia mkewe, Hester, akicheka peke yake.

Hester hakuwa na hamu ya kicheko. Mhariri mkuu alikuwa anang'atuka, na mrithi wake angetajwa Jumamosi kwenye karamu ya Sir Everard Skelby, mwenyekiti wa jumba. Septimus alikitamani kiti kile mpaka chakula kikawa hakipiti.

"Wakikuuliza, sema unakitaka. Basi."

"Hester mpenzi, mambo hayaendi hivyo. Mtu hupewa, akakataa, akabembelezwa, ndipo akakubali shingo upande. Ukidaka mara ya kwanza, utaonekana umelelewa jikoni."

"Na wasipokubembeleza?"

"Watanibembeleza. Ni waungwana wale."

Jumamosi ikafika. Ilikuwepo nyama ya ng'ombe ya kuoka, na chupa ya mvinyo ikazungushwa kuelekea kushoto kama ilivyo ada. Ukutani zilitundikwa sanamu za shaba za mfalme mmoja wa Afrika. Rupert, mpwa wa Sir Everard, alirudi nazo kutoka vitani, na hakuna mwungwana aliyemuuliza alizipataje. Kamusi Rupert aliifungua shuleni tu, akitafuta matusi.

"Oxtoby, mzee mwenzangu," Sir Everard alisema, "kazi hii unaijua kuliko sote. Kiti ni chako, ukikitaka."

Moyo wa Septimus uliruka kwa furaha. "Mimi tena, Sir Everard? Hapana, hapana. Wapo wengi wanaonizidi."

Akainamisha macho kwenye sahani, akingoja kubembelezwa. Mmoja alikohoa. Mwingine aliomba chumvi.

"Basi nitakichukua mimi, mjomba," Rupert alisema, mdomo umejaa pudini.

"Safi kabisa!" Sir Everard alipiga meza. Glasi zikanyanyuliwa, na wazee wote wakashusha pumzi kwa kuwa shughuli imekwisha kabla jibini halijaletwa.

Rupert aliinama upande wa Septimus, akampigapiga begani. "Usinune, babu. Wewe endelea na kile kitenzi chako. Si ndicho unachokijua?"

Septimus alitamani kumpasua kichwa kwa chupa ya mvinyo. Akasema asante, na kwa kuwa Rupert hakumsikia, akasema tena.