Kofia ya Mchanga

Kila siku saa kumi alasiri, Clarrie, aliyefariki miaka mitatu nyuma, aliingia uani kwa mkewe Dulcie na kumwagia mti wa banksia, mti wa asili wa nchi yao, konzi mbili za mbolea ya fosfeti. Kisha alikaa kwenye kiti chake cha plastiki kungoja chai. Mbwa alimnusa viatu, akarudi kulala.

Mti ule ulitokana na mbegu za mwisho za kilima alikozaliwa mama yake Dulcie, kabla Wazungu hawajakifyeka wapande ngano. Sasa kilima kina lango, lango lina kufuli. Dulcie akitaka kuzuru kaburi la bibi yake humpigia mwenye shamba simu kuomba ruhusa, huambiwa huu ni msimu wa kupanda, au wa kuvuna. Jamani, ngano haina hata Jumapili?

Mwezi wa Mei majani yaligeuka manjano, ncha zikaungua. Dulcie aliogopa. Ukifa huo, hakuna mwingine.

“Clarrie, unaniulia mti.”

“Mimi? Naulisha. Huoni ulivyokonda?”

“Kwao ni mchanga mtupu. Mizizi yake ikikuta fosfeti inafyonza tu, haijui kusema basi. Mkaidi wewe, hata kifo hakijakustaafisha.”

Clarrie alitazama mikono yake. Miaka arobaini alikuwa kibarua kwenye kilima kile, akiendesha trekta la mbolea.

“Kumbe nilikilisha mpaka kikafa,” alisema.

Dulcie alimwonea huruma, akamzidishia sukari. “Ulitumwa. Kunywa chai.”

Kesho yake Clarrie alikuja na kofia imejaa mchanga wa kijivu, kutoka pembe ya kaburi la bibi, ambako trekta haliwezi kugeuka. Marehemu hahitaji ufunguo. Dulcie alichota udongo wa juu uliojaa mbolea, akamwaga ule mchanga mahali pake. Ikawa hivyo majira yote ya baridi, kofia moja kwa siku.

“Shangazi, mjomba leo kachelewa,” Tahnee, binti wa jirani, alisema akichungulia juu ya ua.

“Anatembea kwa miguu. Kule ni mbali.”

Septemba mti ulichanua. Dulcie alifurahi hadi akalia, kisha akachuma mtini magunzi makavu ya mbegu ya mwaka uliopita, ambayo hayafunguki mpaka yaonje moto, akayaoka pamoja na kuku wa Jumapili. Yalitoa mbegu saba. Mvua za Mei zilipoanza, Clarrie aliondoka na mbegu hizo kofiani.

Agosti Dulcie alimwomba Tahnee ampeleke kwa gari. Kufuli lilikuwa palepale, jipya zaidi. Ng'ambo ya waya trekta lilikuwa likimwaga mbolea kwenye ngano, na kule pembeni, kando ya kaburi, kulikuwa na miche saba. Clarrie alikuwa amesimama mbele ya miche hiyo.

“Usiipe kitu!” Dulcie alimwambia kutoka barabarani.

“Nimesikia, mke wangu,” alijibu Clarrie, mikono mifukoni.