Handaki la Ardmoyle

Letitia Hassard alikuwa na miaka arobaini na minne, na bado pale Ardmoyle, jumba la ukoo wao, aliitwa Bi Mdogo. Angeitwaje? Bi Mkubwa, mama yake, alikuwa hai, tena hai haswa, kakaa kwenye kiti chake mbele ya dirisha kubwa la sebuleni, blanketi magotini, kamba ya kengele iliayo jikoni imefungwa kwenye mkono wa kiti asihangaike kuinuka. Kutoka pale aliiona njia yote ya kuingilia, nusu maili ya changarawe hadi geti la barabarani. Hata sungura akikatiza, Bi Mkubwa alijua.

Jumba lilikuwa na vyumba thelathini na viwili, na ishirini vilivuja. Mashamba ya akina Hassard yalikuwa yameshagawiwa wakulima waliokuwa wapangaji wao, sheria ilipita, mambo yakaishia hapo. Kaka wawili wa Letitia walifia Ufaransa kwenye ile vita kubwa. Alibaki yeye, mama yake, na Nonie Scally, mpishi, aliyekuja akiwa na miaka kumi na tano na sasa alikuwa na hamsini na mmoja. Wanawake watatu na ndoo za kukingia mvua.

Sasa basi, Alhamisi hiyo Letitia alikuwa anatoroka. Ndiyo, anatoroka, mtu mzima na mvi zake.

Cormac Feely, daktari wa mifugo, alikuwa amemposa mara tatu. Mara ya kwanza Bi Mkubwa alicheka mpaka akapaliwa na chai. Mkatoliki, na sisi Waprotestanti! Mtoto wa mpangaji wetu! Tena ananuka ng'ombe! Mara ya pili Letitia alifika katikati ya ile njia na sanduku lake mkononi, akageuka nyuma mara moja tu, akamwona mama yake dirishani kashika kifua. Akarudi mbio. Kifua kilipona kabla ya chai ya saa kumi. Mara ya tatu Feely hakumung'unya maneno.

"Nimepata kazi Skotlandi, Letty. Alhamisi napanda treni ya saa sita mchana. Ukija, twende zetu. Usipokuja sitakuuliza tena. Na mimi nina moyo, ati."

Letitia alijijua. Akiuona uso wa mama yake tu, kwisha habari yake. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ziwa, mbele kulikuwa na lile dirisha. Ilibaki njia moja, handaki la watumishi.

Babu wa babu yake ndiye aliyelichimbisha, ili wageni wake wakae sebuleni wakitazama majani na miti bila kumwona mtu amebeba gunia la makaa. Lilianzia jikoni, chini kabisa, likatokea nyuma ya miti karibu na barabara. Letitia alizaliwa Ardmoyle na hakuwahi kutia mguu humo. Akatafute nini?

Saa tano na robo aliteremka jikoni na sanduku lake. Nonie hakuwepo, afadhali. Alimwekea Nonie barua chini ya bakuli la sukari: Mama anywe supu saa saba, dawa kijiko kimoja, nisamehe. Akawasha mshumaa, akaingia.

Loo! Maji yalimfika kwenye vifundo vya miguu. Dari ilikuwa chini, akajigonga kichwa mara mbili kabla hajajifunza kuinama. Kumbe Nonie alikuwa anapita humu na ndoo za maziwa, kila siku ya Mungu? Aliona aibu, kisha akaisahau, maana mbele aliona mwanga wa mchana umekatwakatwa na nondo za lango. Na mbele ya lango palisimama mtu.

"Nani hapo?" Letitia aliuliza.

"Mimi. Na wewe nani? Ala! Bi Mdogo!"

Alikuwa Nonie. Kavaa kofia yake ya kanisani, koti limefungwa mpaka shingoni, na miguuni pake kulikuwa na sanduku la kadibodi lililokazwa kwa kamba. Mkononi alishika ufunguo wa lango. Ufunguo! Letitia hata hakuwahi kufikiria kwamba lango lina ufunguo.

Walitazamana masanduku.

"Nimekuachia barua," Nonie alisema. "Chini ya kopo la chai."

"Nami nimekuachia. Chini ya bakuli la sukari."

Wakacheka. Walicheka mpaka Nonie akajishika ukutani, na kwa dakika moja hapakuwa na bibi wala mpishi. Kisha kule nyuma, mbali jikoni, kengele ya Bi Mkubwa ikalia. Kicheko kikawakauka.

"Nonie," Letitia alisema, "treni ni saa sita. Rudi jikoni, tafadhali."

"Sirudi."

"Nakuamuru."

"Niamuru tu, Bi Mdogo, masikio ninayo. Dada yangu kafa, kaniachia kibanda chake. Vyumba viwili na mlango wa mbele. Miaka thelathini na sita hapa, mlango wa mbele sijaupita, hata siku tuliyomzika Bwana Mkubwa, baba yako. Nilizungukia humu humu na maua yake mkononi, nikatambaa kama panya." Aliingiza ufunguo, akauzungusha. "Yule ni mama yako. Wangu alikufa nikiwa huku nakuandalieni Krismasi."

Lango lilifunguka, baridi safi ikaingia.

"Silifungi," Nonie alisema, sauti imelainika. "Kama unakuja, njoo. Twende wote, na liwalo na liwe. Hujafungwa kamba wewe."

Akatoka. Hakugeuka hata mara moja.

Kengele ililia tena. Letitia alipiga hatua mbili, akaiona barabara, akaona mgongo wa Nonie unapotelea kwenye kona. Kituo kilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Kengele ililia mara ya tatu, ndefu, kisha ikakatika ghafla. Akasubiri ilie tena. Haikulia. Vuta basi, Mama, vuta! Kimya. Akadondosha sanduku majini, akarudi mbio huku akilia na kujigonga darini.

Bi Mkubwa alikuwa kitini, mzima, kamba ya kengele imekatika mkononi.

"Kamba imeoza," alisema. "Kila kitu kinaoza humu. Nonie yuko wapi?"

"Ameondoka, Mama."

"Upuuzi. Nimekaa hapa tangu asubuhi, hakuna mtu aliyepita."

Letitia alisimama nyuma ya kiti, akatazama nje. Majani mabichi, miti, changarawe nyeupe, hakuna kiumbe. Palipendeza sana. Mbali kidogo, ng'ambo ya miti, treni ilipiga honi mara mbili.

"Kweli, Mama," alisema. "Hakuna aliyepita."

"Kalete supu, basi. Na tazama viatu vyako vinavyochuruzika! Pita ngazi za nyuma, usinichafulie zulia."

Letitia akapita ngazi za nyuma.