Kilichochoka Nyumbani

Nilipostaafu kazi ya utangazaji wa redio hapa mjini Tamale, nilihamishia matangazo jikoni. Nikawa namweleza mke wangu, Napaga, namna ya kusonga tuo zaafi, ugali ambao ameusonga maisha yake yote bila msaada wangu. Siku moja aliushika mwiko kwa namna iliyonirudisha nyuma, akasema, "Neindow, nenda katafute watu wasioweza kukukimbia."

Ndipo nikajitolea katika shule ya msingi ya mtaani kwetu, kuwafundisha watoto habari za miti na takataka.

Mwalimu mkuu, Bi Rahinatu, alinipokea kwa furaha. Nadhani hakuwa msikilizaji wa redio. Nilivaa fugu, shati langu pana la sherehe, nikasafisha koo, nikauliza darasa, "Mti unatupa nini?"

Mkono ukanyooka kule nyuma. "Viboko!"

Darasa zima likaitikia kwa uchungu wa watu wanaojua wanachosema. Nilijaribu kuwarudisha kwenye kivuli na matunda, wapi! Nikakimbilia kwenye takataka, nikidhani huko ni salama. Kwa sauti ile ile ya taarifa ya habari, nikatangaza kwamba duniani hakuna takataka. "Kila kilichochoka kinaweza kuanza maisha mapya! Wiki ijayo, kila mmoja alete kitu kilichochoka nyumbani kwao."

Wiki iliyofuata wakaja na chupa, ndala zilizokatika, sufuria lililotoboka na rundo la vifuko vitupu vya maji ya kunywa. Msichana mmoja mdogo, Wunpini, alikuja na bibi yake.

Alimwongoza kwa mkono mpaka mbele ya darasa. Nikasema, "Karibu sana, mama. Wunpini, na kitu kilichochoka kiko wapi?"

"Ni huyu. Kila siku anasema amechoka."

Watoto hawakucheka. Walinitazama mimi, wakingoja nionyeshe jinsi bibi anavyotumika tena. Nikasafisha koo kama nilivyozoea redioni.

Bibi mwenyewe, Zuweira, alinikagua toka kofia hadi viatu. "Wewe si ndiye yule wa matangazo ya vifo?"

"Ndiye mimi, mama," nikasema, kifua kikinijaa.

"Ulikuwa ukianza tu, nazima."

Hapo sasa wakacheka. Bibi akajipenyeza kwenye dawati baina ya watoto wawili, akachukua kifuko cha maji, akaanza kukijaza udongo kama wenzake ili tuoteshe mbegu za mwarobaini. Tulikuwa tunaendelea vizuri, maana nilikuwa nimenyamaza, pikipiki ilipoingia uwanjani kwa kishindo. Alikuwa Fatawu, mwana wa bibi.

"Mzee!" alinifokea kutoka mlangoni. "Chupa zimekuishia, sasa unakusanya mama za watu?"

"Ndugu yangu, kulitokea kutoelewana..."

"Mama, twende nyumbani. Si tulikwambia upumzike?"

Bibi Zuweira hakuinua macho. "Nimepumzika mpaka nimechoka. Sifagii, mnaninyang'anya ufagio. Sichoti maji. Hata kuku mnasema nisiwafukuze. Niache, nina kazi."

Fatawu alisimama pale na funguo zake mkononi. Hasira ilimtoka polepole, ikabaki aibu. Nami nilijifanya nachunguza sufuria lililotoboka. Ofisini walipoagana nami walinipa kiti cha kupumzikia, na nilikuwa nimekichukia tangu siku hiyo bila kujua sababu.

"Nije kukuchukua saa ngapi?" Fatawu akauliza hatimaye.

"Darasa likiisha. Muulize mwalimu, ingawa huyu hajui kumaliza."

Tangu siku hiyo bibi halikosi darasa letu la Alhamisi. Miche ilipokua tuliipeleka kuipanda nyuma ya madarasa. Nilikuwa nimeandaa hotuba fupi. Nikiwa bado kwenye utangulizi, mbuzi alikwisha kula miche mitatu, na Bibi Zuweira ndiye aliyemkimbiza, ndala mkononi, darasa zima likimfuata kwa vigelegele.

Bi Rahinatu akaniita pembeni. Nilidhani ananifukuza. Kumbe alikuja na mpango wa amani: Bibi azungumze na watoto, mimi nijenge uzio.

Sikuwahi kushika nyundo. Nimejigonga vidole vyote vya mkono wa kushoto, na uzio wenyewe umeegemea upande kama mtu anayesikiliza umbea. Juzi Bibi Zuweira alikuja kuukagua. Aliusukuma kwa kidole kimoja, tukasubiri wote wawili.

Haukuanguka.

"Endelea," akasema, akarudi darasani.

Nilikaa juu ya ndoo, nikanyonya kidole gumba kilichovimba, nikiwa na furaha ya kijinga kabisa.